Ulingo wa kutundika mtini: namna ya kuuchagua kabla hujatoa hela

Babu yangu alikuwa na ulingo katikati ya shamba lake la mpunga huko Kilombero. Nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi na debe la kugonga. Usiku alikesha juu yake akifukuza nguruwe pori, alfajiri akatuachia sisi wajukuu zamu ya kwelea kwelea. Ulingo ule haukununuliwa popote. Ulikatwa porini, ukafungwa kwa kamba za magome, na msimu ukiisha ukawa kuni.

Siku hizi ukisema ulingo watu wanafikiria ndondi au siasa. Mimi naishi Pennsylvania, Marekani, na kila Oktoba narudi kwenye maana ya babu, ila kwa sura nyingine: kijukwaa cha chuma au alumini chenye kiti, kinachofungwa kwa mikanda kwenye shina la mti, mita nne au tano kutoka ardhini, nami nimekaa juu yake kimya namngoja kulungu. (Namwita kulungu kwa kukosa jina bora. Kulungu wa kwetu ana pembe zilizosokotwa na anakufa nazo. Huyu wa mkia mweupe pembe zake zina matawi, na huziangusha kila mwaka kisha zikaota upya.)

Wenzangu wanaoanza kuwinda huku huniuliza: ninunue upi? Huwajibu kwamba wasianze dukani, na jibu hilo huwaudhi kidogo. Mimi nilianza dukani. Nikachukua ulingo wa chuma uliokuwa wa bei ya chini kuliko yote, pamoja na ngazi yake ya chuma. Kwa pamoja vilikaribia kilo 20. Kutoka nilipoegesha gari hadi mti niliouchagua ni kama kilomita mbili, nusu yake mlima. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimelowa jasho hadi soksi, Novemba hiyo, baridi ya kugandisha maji. Jasho lilipopoa nikaanza kutetemeka, na kutetemeka kwangu kukaitikisa ngazi. Kulungu wa kwanza alinusa harufu yangu akiwa mbali, akapiga chafya ile yao ya onyo, akaonyesha ule mkia mweupe na kwenda zake. Ndipo nilipoelewa kwamba mti, mwendo na mwili wako ndivyo vinavyochagua ulingo. Duka linakuja mwisho.

Kwanza, hakikisha ni huu unaoutaka

Malingo ya mtini ni ya aina kadhaa. Upo wa ngazi: ni ngazi ndefu yenye kiti kileleni, imara, ya kustarehesha, lakini ni mizigo ya watu wawili na ukishasimikwa hauhami. Upo wa vipande viwili unaopanda nao mwenyewe, ukikaa na kusimama kama kiwavi hadi ufike juu. Huo unataka shina lililonyooka lisilo na tawi hata moja njiani. Siku hizi kuna na tandiko, ambapo mwindaji ananing'inia kwenye mkanda wa nyonga akiuelekea mti. Ni jepesi mno, ila magoti yangu yamekataa.

Wa kutundika, tunaouzungumzia hapa, una faida moja kubwa: unakaa kwenye mti wowote wenye unene wa kufaa, hata wenye matawi, na matawi ndiyo yanayokuficha. Hasara yake ni kwamba hauna njia ya kupandia. Ngazi unainunua peke yake, na kazi ya kuutundika inakutaka uwe umening'inia juu huku mikono yote miwili ina shughuli. Kama hilo linakutisha kiasi cha kutolala, chukua wa ngazi, usione aibu.

Hatua ya kwanza: nenda porini na futi kamba

Kabla ya msimu, tembelea sehemu utakayowinda, uchague miti mitatu au minne. Zungushia kila shina futi kamba kwenye kimo cha kifua na uandike mzingo wake. Ugawanye kwa 3.14 upate kipenyo. Malingo mengi ya aina hii yametengenezwa kwa miti ya kipenyo cha kama sentimita 23 hadi 50, na kipimo hicho kimeandikwa kwenye boksi. Mti mwembamba kuliko hapo utayumba upepo ukivuma. Mnene kupita kiasi, mkanda hautazunguka, na utajua hivyo ukiwa umeukumbatia juu kama mkwezi aliyesahau panga.

Halafu tazama mti wenyewe. Mwaloni ni mti wangu wa kwanza: gome lina mikwaruzo ya kutosha kuushika ulingo, na majani yake mengine hung'ang'ania matawi hadi Novemba. Ukipata mwaloni mweupe umepata mara mbili, kwa sababu kokwa zake kulungu anazipenda kuliko za mialoni mingine. Jihadhari na ule mti ambao gome lake linabanduka vipande virefu kama vigae vilivyolegea, aina moja ya hikori. Vigae vile huvunjika chini ya meno ya ulingo, na hupiga kelele ukivigusa. Miti ya ngozi laini ikilowa huteleza.

Na kuna mti mmoja ambao sikubali mtu autundikie kitu: eshi. Mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan mwaka 2002, akagunduliwa Pennsylvania mwaka 2007, na tangu hapo ameua miti ya eshi kwa mamilioni. Buu wake hula chini ya gome na kuukata mti maji. Eshi mfu hubaki amesimama, amenyooka, hana majani ya kukuzuia kuona, yaani sura ile ile anayoitafuta mwindaji mgeni. Ndani amekauka na kuwa kama biskuti. Gonga gome, tafuta vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D, tazama juu kama kuna matawi makavu. Ukiona dalili moja kati ya hizo, ondoka, hata chini yake usikae.

Jambo la mwisho hapa: mti umenyooka? Simama mbali, uning'inize kamba yenye jiwe mbele ya macho, uulinganishe mti nayo. Kama miti yako mizuri yote imeinama kidogo, andika hivyo, maana kuna malingo ambayo jukwaa na kiti chake vinarekebishwa pembe ili vikae sawa, na kuna ambayo hayarekebishwi. Kukaa saa sita kwenye jukwaa linalokumwaga mbele ni adhabu ya misuli ya mapaja.

Hatua ya pili: pima mwendo

Jiulize utatundika ulingo mara ngapi. Kama ni shamba la rafiki, unautundika Septemba na kuushusha Januari, uzito si hoja. Nunua chuma, kipana, cha bei nafuu, ubebe siku moja na mwenzako, basi. Lakini kama unawinda ardhi ya umma, na unahama kila upepo ukigeuka, kila kilo utailipia kwa pumzi.

Kwa makadirio ya jumla, ulingo wa chuma huwa na kilo 7 hadi 10, wa alumini kilo 5 hadi 7, na upo wa alumini ya kumiminwa ulio mwepesi zaidi na bei yake inakufanya ukae chini. Kosa la wengi ni kusoma namba hiyo peke yake. Mzigo wa mgongoni ni ulingo, jumlisha ngazi, jumlisha mkanda wa usalama, kamba, nguo nzito, maji, chakula, upinde au bunduki. Nimeona mtu akilipa ziada kubwa ili apunguze kilo mbili kwenye ulingo, halafu akabeba ngazi za chuma za kilo 9. Fedha hizo angezipeleka kwenye ngazi.

Mimi hujiwekea mpaka wa kilo 12 kwa ulingo na ngazi vikiwa pamoja. Ukivuka hapo, kwa mwendo wa zaidi ya nusu saa, utafika umelowa, na mnyama unayemvizia anaishi kwa pua.

Hatua ya tatu: pima mwili

Malingo mengi yameandikwa uwezo wa pauni 300, yaani kilo 136. Ni uwezo wa kila kitu kitakachokuwa juu, si wewe peke yako. Panda mizani ukiwa umevaa buti, koti la baridi, begi na silaha yako. Mtu wa kilo 95 anaweza kujikuta ana 108 bila kutegemea. Ukikaribia mpaka, tafuta wenye uwezo mkubwa zaidi. Usibishane na chuma.

Kisha jukwaa. Yale madogo yana upana wa kama sentimita 50 na urefu wa 60. Makubwa hufika 60 kwa 75 au zaidi kidogo. Dukani utakuwa na raba za kiangazi na utaona panatosha. Rudi siku nyingine na buti zako za baridi, zile nene kama mikate, usimame, ugeuke kulia, ugeuke kushoto, urudi nyuma nusu hatua. Mguu ukipapasa hewa, hilo si jukwaa lako. Mimi ni mrefu, na niko tayari kubeba kilo moja zaidi ili nisimame kama binadamu.

Kiti ndicho kitu watu wanachokipuuza, na ndicho kitakachoamua kama utakaa hadi jioni au utashuka saa tano asubuhi. Kikiwa chini sana magoti yanapanda kifuani, miguu inakufa ganzi, na kusimama unahitaji kujivuta, mwendo ambao kulungu anauona. Mimi hutaka kiti chenye kimo cha kama sentimita 50 kutoka kwenye jukwaa. Kwa mtu wa upinde ni bora kiwe kinakunjuka juu kabisa na kulala kwenye shina, ili akisimama mgongo wake ugusane na mti na asiwe na kitu cha kugonga na kisigino. Wa bunduki anaweza kupenda kiti kipana chenye egemeo. Povu laini jembamba linanyonya maji na kuganda. Kiti cha kitambaa cha wavu hakigandi, ila upepo unapita chini. Chagua adhabu yako.

Hatua ya nne: usikilize

Omba mhudumu ausimamishe ulingo wa maonyesho. Ukunje, uukunjue, upandishe kiti, ukishushe, ukanyage kona ya jukwaa kwa uzito wote. Funga macho usikilize. Sauti unazozitafuta ni mbili: kugonga kwa chuma kwa chuma, na mlio wa kusaga kwenye maungio. Kwenye duka lenye muziki utasikia kidogo tu. Porini, asubuhi isiyo na upepo, kidogo hicho ni tarumbeta. Ulingo wangu wa kwanza ulikuwa kimya sebuleni. Baridi ilipoingia chini ya sifuri, kiti kikaanza kulia "kwiii" kila nikihema kwa nguvu.

Kwa hiyo angalia maungio: kuna vikombe vya nailoni kati ya chuma na chuma? Nyaya zinazolishikilia jukwaa zimevalishwa plastiki? Kasoro ndogo zinatibika nyumbani kwa mkanda wa kitambaa wa gundi kwenye kila sehemu inayogusana. Ila usifunike waya wala mshono wa kuchomelea kiasi kwamba huwezi kuukagua tena.

Hatua ya tano: tazama unavyoshika mti

Hapa ndipo maisha yako yatakapokuwa yamefungwa, basi usiharakishe. Malingo mengi hushikwa na mikanda miwili: wa juu unaobeba mzigo na wa chini unaozuia jukwaa kuzunguka. Kuna mikanda yenye kikazio cha meno unachokivuta kama kile cha kufungia mizigo kwenye lori, na kuna ya bizimu tu. Chenye meno kinakaza zaidi lakini kinalia tra-tra-tra. Wanaouacha ulingo mtini msimu mzima wanakipenda. Anayehama kila siku anaweza kupenda bizimu. Mengine hutumia mnyororo. Ni imara, na kelele yake ni ya mnyororo.

Geuza ulingo, utazame nyuma. Yale meno yanayogusa shina yawe mapana na yenye makali ya kutosha kung'ata gome. Shika waya wa kila upande, uuzungushe kati ya vidole, utafute nyuzi zilizokatika au kutu karibu na tundu la ncha yake. Kagua mishono ya kuchomelea: iwe myororo, isiyo na ufa.

Hii ndiyo sababu siwashauri wageni kununua ulingo uliotumika. Waya uliokaa mvuani miaka minane unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani ya plastiki umeliwa. Ukipewa wa bure na mzee wa jirani, mshukuru, kisha ununue mikanda mipya na waya wa mtengenezaji kabla hujapanda hata mara moja. Pia angalia tovuti ya CPSC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa. Huko hutangazwa bidhaa zinazorudishwa kwa hitilafu, na malingo yamewahi kuwemo.

Hatua ya sita: ngazi

Zinazokwenda vizuri na ulingo huu ni ngazi za vipande: vijiti vinne, kila kimoja na vikanyagio vyake na mkanda wake, unavyovifunga kimoja juu ya kingine ukipanda. Vinne vinakufikisha mita tano hivi, kutegemea urefu wa kipande na wa miguu yako. Vikanyagio vya kuparafujia kwenye mti viache. Vinaujeruhi mti, na kwenye ardhi za umma majimbo mengi yamevikataza.

Jambo moja lisilosamehewa: kipande cha mwisho lazima kipite juu ya kimo cha jukwaa. Unaingia kwenye ulingo kwa kushuka kuuelekea, si kwa kujipandisha juu yake. Ukijipandisha, mikono yako itatafuta cha kushika, na cha kwanza kitakuwa kiti au jukwaa lenyewe, ukilivuta upande ambao halikutengenezwa kuvutwa.

Hatua ya saba: mkanda wa usalama, na huu ndio unaopaswa kununuliwa kwanza

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwa mwendo gani. Kutoka mita tano ni sekunde moja tu, na unafika chini kwa kasi ya kama kilomita 35 kwa saa. Wengi wanaoanguka hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au wakihama kutoka ngazini kwenda jukwaani. Ndiyo maana mkanda unaoufunga baada ya kukaa umechelewa.

Unahitaji vitu vitatu. Kwanza, mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Wa kiunoni peke yake ukikudaka unaweza kukubana pumzi au kukugeuza kichwa chini. Ulingo mpya kutoka kwa watengenezaji walio kwenye chama chao cha viwango huja na mkanda wa aina hii ndani ya boksi. Unafanya kazi, ingawa kuuvaa gizani ni kama kuvaa wavu wa samaki. Wenye umbo la fulana unavaliwa haraka, na kwa kuwa unavaliwa haraka utavaliwa.

Pili, kamba ya kiunoni, ile ambayo mafundi wa umeme huizungushia nguzo wakafanya kazi kwa mikono miwili. Bila hiyo huwezi kutundika ulingo kwa usalama, hata uwe na nguvu za simba.

Tatu, kamba ndefu inayofungwa shinani juu ya kichwa chako na kushuka hadi chini. Juu yake kuna fundo lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria: ukilisukuma taratibu linateleza, likivutwa ghafla linang'ata. Unajiunga nalo ukiwa bado umesimama ardhini, unapanda ukilisukuma mbele yako, na hujiachii hadi miguu imegusa majani tena. Kwa bei, kamba hii ni ndogo kuliko tangi la petroli.

Ukiwa umekaa, fundo liwe juu ya kichwa na kamba isiwe na ulegevu, kwa sababu ulegevu ndio urefu utakaouanguka. Na uwe na kitanzi cha kukanyagia mfukoni. Mtu akining'inia kwenye mkanda, damu hukwama miguuni, na hatari hiyo huhesabiwa kwa dakika. Kitanzi kinakupa pa kusimama wakati ukisubiri msaada au ukijirudisha ngazini. Simu iwe mfuko wa kifuani, si kwenye begi.

Hatua ya nane: soma kanuni za mahali hapo

Kila jimbo lina yake, na hata ndani ya jimbo moja ardhi zinatofautiana. Kwa Pennsylvania, kwenye ardhi za uwindaji zinazosimamiwa na Game Commission, tume ya wanyamapori ya jimbo, ulingo unaruhusiwa kuwekwa kuanzia wiki mbili kabla ya kufunguliwa msimu wa kwanza wa kulungu hadi wiki mbili baada ya kufungwa wa mwisho, uwe umeandikwa jina na anwani yako au namba yako ya mwindaji, na usiuharibu mti. Misitu ya jimbo ina kanuni zake mbali. Kwenye shamba la mtu ni ruhusa ya mwenye shamba, na ruhusa ya kuwinda si lazima iwe ruhusa ya kutundika, kwa hiyo uliza yote mawili. Msimu wa bunduki utavaa rangi ya machungwa inayong'aa hata ukiwa juu ya mti: inchi 250 za mraba kwa jumla, kichwani, kifuani na mgongoni.

Kama jimbo lako linataka ulingo uondolewe kila jioni, rudi hatua ya pili, na safari hii kilo zihesabu kwa ukali zaidi.

Hatua ya tisa: jaribu ukiwa chini

Umenunua. Usiupeleke porini bado. Ufunge kwenye mti wa uani, jukwaa likiwa nusu mita kutoka ardhini. Ufunge mara kumi. Mara ya kwanza nilitumia dakika 25 na maneno ambayo mama hakunifunza; ya kumi ilikuwa dakika sita. Kanuni ni hii: mkanda wa juu kwanza, ukazwe, kisha kamata jukwaa ulisukume chini kwa nguvu hadi meno yaingie kwenye gome, halafu mkanda wa chini. Simama, ruka kidogo, uegemee kila upande. Ulingo uliofungwa vizuri hautikisiki hata ukiudharau.

Vaa mkanda wa usalama ukakae hapo saa nzima, jioni moja, na nguo zote za baridi. Majirani watakuchungulia. Mke wangu aliniletea chai kwenye kikombe, akakiweka jukwaani bila kunyoosha mkono, akaniuliza kama huko juu kuna baridi. Lakini ni saa hiyo niliyogundua kwamba kamba yangu ya mgongoni inanikaba nikigeukia kulia, na kwamba kiti kinataka kupandishwa tundu moja.

Hatua ya kumi: kuutundika penyewe

Nenda mchana, nenda na mtu, na kama huna mtu, mwachie wa nyumbani ramani ya mti na saa ya kurudi. Jiunge na mti ukiwa chini, kamba ya kiunoni imezunguka shina. Funga kipande cha kwanza cha ngazi, panda, funga cha pili, na kuendelea, kila mara viungo vitatu kati ya mikono na miguu vikiwa vimeshika. Ulingo unauvuta kwa kamba ukishafika juu. Usipande nao mgongoni. Silaha nayo huvutwa kwa kamba hiyo hiyo, bunduki ikiwa haina risasi na mdomo ukiangalia chini.

Kimo: mita nne na nusu hadi sita. Wapo wanaopanda tisa na kujisifia. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyomtazama mnyama kutoka mgongoni, na nafasi ya mshale kupita mapafu yote mawili inazidi kuwa finyu. Mita tano kwenye mti wenye matawi nyuma yako zinatosha kuliko saba kwenye mlingoti mtupu. Uweke upande ambao upepo wa kawaida unatoka kwenye njia ya kulungu kuja kwako, na jua la asubuhi lisikupige machoni. Anayevuta upinde kwa mkono wa kulia auelekeze ulingo ili mnyama atokee upande wake wa kushoto.

Ukiuacha mtini, urudi kuukagua kabla ya kila kupanda. Mti unanenepa na mkanda haukui nao. Jua linakausha nyuzi. Na kindi, sijui wana nini na nailoni, wanaitafuna kama muwa. Mwaka juzi nilikuta mkanda wa chini umebaki na upana wa kamba ya kiatu. Nikaushusha ulingo, nikaenda nyumbani bila kuwinda, na kindi akawa ananitukana kutoka mti wa pili muda wote nilipokuwa nafungasha.